Macho ya Shahidi na Kalamu ya Karani



Tumeombwa tuseme machache juu ya ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho. Jambo hili ni la mahakimu, lakini sisi makarani wa Tarime na Serengeti latuhusu pia, maana neno la kwanza la shahidi huenda likaandikwa na mmoja wetu.

Ng'ombe huibwa usiku. Yowe hupigwa, watu hutoka mbio, na kulipokucha mmoja husema, "Nilimwona Mwita." Mwita yupi? Katika nchi ya Wakuria majina ya Mwita, Marwa na Chacha ni ya watu wengi, na hata ukitia jina la baba huenda ukapata somo wake kijiji cha pili. Jina tupu halimtambulishi mtu.

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa namna hii ni dhaifu kabisa, wala usitegemewe mpaka kila nafasi ya kukosea imeondolewa. Kwa hiyo huulizwa: shahidi alimtazama mtu yule kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Je, alimjua tangu zamani?

Kusema "palikuwa na mwanga" hakutoshi. Ulikuwa wa koroboi au wa mbalamwezi? Uliangaza mpaka wapi? Na kama ni kurunzi, nani aliishika? Mwenye kuishika humwona anayemulikwa. Anayemulikwa machoni huona nuru tu.

Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapwa katika ripoti za sheria za 2002, Mahakama hiyo ilisema kwamba shahidi akimtaja mtu mapema, neno lake hupata nguvu; akichelewa bila sababu, hutiliwa shaka. Basi fikirini, mabwana na mabibi: shahidi ametaja usiku ule ule, na karani hakuandika jina wala saa. Umapema ule utaonekana wapi mbele ya hakimu?

Shahidi asiyemjua mtu kabla aeleze kwanza umbo, urefu na mavazi yake, kisha lifanywe gwaride la utambulisho. Tangu 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitaka mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye. Kumwonyesha kidole kizimbani tu, bila gwaride, kuna uzito mdogo.

Wako wasemao kwamba kanuni hizi huwaachia wezi. Sivyo. Sheria ya Ushahidi ya 1967 haikuweka hesabu ya mashahidi. Hata mmoja aweza kutosha, akiaminika. Mwizi huponea katika maandishi ya ovyo. Na katika maandishi hayo hayo asiye na kosa huangamia: unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kuua kwa kukusudia ni hukumu ya kunyongwa.

Basi tumwulize shahidi kwa subira, hasa anaposema Kikuria nasi twaandika Kiswahili. Tuandike aliyoyasema, tusimwongezee wala tusimpunguzie, kisha tumsomee. Wino ni wa Serikali, lakini maisha yanayoandikwa ni ya jirani zetu.