Kuchemsha kwa Injini na Ushahidi wa Sensa za Joto: Mada kwa Mafundi na Wenye Magari wa Makole, Dodoma



Nimeombwa nizungumze juu ya gari kuukuu linalochemsha, na juu ya sensa za joto ambazo aghalabu hutiwa hatiani pasipo kuulizwa, au huaminiwa pasipo kupimwa. Nami nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa siyajui maradhi mengine ya gari ambayo katika mji wetu huu huwapotezea watu mali nyingi kwa sababu ndogo kama haya. Rai yangu naisema mapema, ili yote yatakayofuata yapimwe kwayo: fundi asibadilishe kifaa chochote cha mfumo wa kupoza injini mpaka awe ameyajua kwa yakini mambo mawili, yaani joto la kweli la injini ni kiasi gani, na habari ya joto hilo imepita njia ipi hata ikafika kwenye dashibodi.

Dodoma imekaa juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yafikapo nyuzi 96 hivi za Selsiasi, wala si 100 kama yanavyochemka Tanga au Unguja. Kinachoyazuia maji ya injini yasichemke mapema hivyo ni kizibo cha rejeta, ambacho katika magari mengi ya Toyota huyabana kwa shinikizo la kilo 0.9 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na kwa shinikizo hilo hayawezi kuchemka hapa kwetu mpaka yakaribie nyuzi 116. Basi kizibo ambacho mpira wake umekauka, au springi yake imelegea, humnyima mwenye gari nyuzi ishirini za usalama wake. Nacho ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nitakavyovitaja leo, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Liko na jambo la maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu hutolewa ardhini, katika visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, nayo yamebeba madini ambayo kila mwenye birika hapa huyaona yakiganda kuwa gamba jeupe. Gamba hilo hilo huganda ndani ya mirija ya rejeta, ambako huyazuia maji yasitoe joto lake, na juu ya ncha ya sensa, ambako huichelewesha isihisi joto lililoizunguka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba gari litiwe kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, wala lisijazwe maji ya bomba kila asubuhi kana kwamba kupungua kwa maji ni jambo la kawaida. Maji yanayopungua kila siku yana mahali yanapokwenda, na ni wajibu wa fundi kupatafuta mahali hapo.

Sasa niingie katika sensa, na kwa mfano nichukue Corolla 100 ya miaka ya 1990, gari ambalo mafundi wengi wanalijua na ambalo lingali linawatumikia watu. Ndani yake vimo vifaa vitatu vinavyohusika na joto la maji, na kuvichanganya ni chanzo cha gharama nyingi za bure. Cha kwanza ni sensa ya geji, yenye waya mmoja tu, ambayo arthi yake ni mwili wa injini, na kazi yake ni kuusogeza mshale wa dashibodi, basi. Cha pili ni sensa ya kontroli boksi, yenye nyaya mbili, inayoiambia kompyuta ya injini itie mafuta mengi au machache. Cha tatu ni swichi ya feni, ambayo huamuru feni izunguke au isimame, na haina habari yoyote na mshale. Mwenye gari anapokuja akilalamika kwamba mshale umekwenda kwenye H, fundi akamuuzia sensa ya nyaya mbili, gari huondoka na ugonjwa wake ule ule, maana mshale haukuwahi kuungana na sensa hiyo tangu gari liundwe.

Elimu iliyomo ndani ya sensa hizo si ngeni. Michael Faraday, mwanachuoni wa Uingereza, aliona mwaka 1833 kwamba salfidi ya fedha hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kadiri inavyopata joto, kinyume cha metali za kawaida. Na sensa zetu hufuata kanuni iyo hiyo, kwamba zikiwa baridi hukaidi umeme, na zikipata moto huulegezea njia. Sensa ya kontroli boksi ya Toyota ikiwa na joto la nyuzi 20 hupimika baina ya omu 2,000 na 3,000, na ikifika nyuzi 80 hushuka hadi baina ya 200 na 400. Fundi mwenye malti-mita, sufuria ya maji ya moto na kipimajoto anaweza kutoa hukumu ya haki juu ya sensa hiyo kwa dakika chache.

Mshale wa dashibodi ni mfano wa shahidi asiyekuwapo penye tukio, naye husimulia aliyoambiwa na waya. Na kadhi mwema hamhukumu mtu kwa ushahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo mshale uhojiwe kwanza. Utazameni asubuhi, swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa: ukiwa tayari umepanda kwenye H ilhali injini imelala usiku kucha, basi injini haina kosa, na waya wa sensa umechubuka mahali ukagusa chuma. Kisha uchomoeni waya huo kwenye sensa, na mshale sharti ushuke kwenye C. Uguseni kwenye mwili wa injini kupitia balbu ndogo, ili geji isiungue, na mshale sharti upande. Ukitii amri zote mbili, geji na waya ni wazima, na tuhuma hubaki kwa sensa au kwa joto lenyewe. Swichi ya feni nayo ina jaribio lake, jepesi zaidi: katika Toyota hizi za zamani, ukiichomoa plagi yake huku swichi ya gari imefunguliwa, feni yapasa izunguke, isipozunguka, tafuteni fyuzi, rilei au mota kabla ya kumwambia mtu anunue rejeta.

Kwa sensa ya kontroli boksi iko njia isiyohitaji mashine ya kupimia. Katika kisanduku kidogo chini ya boneti mna vituo vya TE1 na E1. Vikiunganishwa kwa kipande cha waya, taa ya injini humweka kwa hesabu, na ikimweka mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikamweka mara mbili tena, hiyo ni namba 22, ambayo maana yake saketi ya sensa ya joto imekatika au imegusana, na kontroli boksi, kwa kukosa habari, imejichukulia kwamba maji yana nyuzi 80. Lakini jihadharini na jambo moja ambalo naliona ndilo zito zaidi katika sehemu hii: sensa iliyochakaa ikatoa kipimo cha uongo chenye sura ya ukweli haileti namba yoyote. Ikidai kwamba injini ni baridi ilhali ni moto, gari hula mafuta, plagi huwa nyeusi, moshi mweusi hutoka, na mashine hata ya thamani kubwa itasema hakuna kosa. Hapo malti-mita huishinda mashine.

Ikiwa kuchemsha ni kwa kweli, nako huthibitika kwa kipimajoto cha miale kikilengwa pale mpira wa juu wa rejeta unapoungana na injini, juu ya mahali palipopakwa weusi, kwa kuwa aluminiamu inayong'aa humdanganya mpimaji kwa kuonyesha joto pungufu, basi ulizeni linachemsha wakati gani. Likichemsha katika foleni na kupoa barabarani, feni ndiyo ya kwanza kutuhumiwa. Likichemsha mlimani na kutulia mjini, tazameni rejeta iliyoziba, vumbi na mbegu za majani zilizojaa katika mapezi yake, au wota pampu. Na mipira ya rejeta ikiwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yakipanda mfululizo katika rejeta, gasketi ya hedi imekwisha.

Sasa niseme na madereva. Atokaye Dodoma kwenda Singida hupita Bahi na Kintinku katika tambarare ya Bonde la Ufa, kisha huupanda ukingo kuelekea Manyoni, na ni katika mpando wa namna hiyo ambapo mshale hupanda hadi H, halafu ghafula hurudi katikati au chini kabisa, na dereva akamshukuru Mola akaendelea kukanyaga mafuta. Huenda maji yamekwisha, na sensa imebaki ikining'inia hewani, haina cha kupima. Na hedi ya Corolla hiyo ni ya aluminiamu, ambayo hupinda upesi. Mshale ulioshuka ghafula bila sababu ni wa kuogopwa kuliko uliopanda. Fungua hita: ikitoa hewa baridi ilhali injini ni moto, maji hayazunguki, simama papo hapo, uzime. Usifungue kizibo, wala usimwagie injini maji ya baridi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa kiganja pasipo kuunguza, hata kama kungoja huko kutakula saa nzima.

Limebaki suala la thamostati, na hapa sitalegeza kauli. Ada ya kuing'oa na kuitupa kila gari linapochemsha haina hoja. Katika injini hizi thamostati hufungua njia ya rejeta na papo hapo huifunga njia ya mkato ambayo maji huizunguka injini wakati wa baridi. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi katika injini bila kuiona rejeta. Vitabu vya matengenezo vya Toyota wenyewe vinakataza kuiondoa hata injini inapoelekea kuchemsha. Na safarini katika asubuhi ya Juni, injini isiyo nayo haifikii joto lake, hula mafuta na kuchakaza silinda.

Thamostati chache ziko mezani, zilizopigwa mhuri wa 82, pamoja na jiko, sufuria na kipimajoto. Tutazining'iniza kwa uzi ndani ya maji zisiguse chini, tuandike ni joto gani kila moja inaanza kufunguka, na tuitenge ile itakayokataa. Maji yatakapotokota mtaona kipimajoto kimesimama karibu na 96; msikitupe, kwa maana ni kizima, nasi tuko Dodoma.