Kusikilizana Barazani



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya adabu ya kujadiliana. Tunashukuru kwa heshima hiyo, ingawa kazi si nyepesi, maana tuliomo humu ndio tuliokosa.

Mtakumbuka shauri la kuongeza ada, ili chama kiweze kulipia watoto zaidi karo ya shule. Mama mmoja alisimama akauliza: mwanachama asiyeweza kulipa ada mpya, akifiwa, je, chama kitamsaidia katika maziko? Tulimzomea kana kwamba anapinga elimu. Kura ikapigwa, shauri likapita kwa makofi. Haukupita muda, mwenzetu aliyeshindwa kulipa alifiwa na mtoto. Wengine walitaka asaidiwe, wengine wakakataa, na kanuni zilikuwa kimya. Maiti ilikaa siku sita katika chumba cha maiti huku sisi tukibishana. Swali lile lingalijibiwa siku ile kwa dakika kumi.

Kosa hili si letu peke yetu. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba. Waliokubali walipewa alama ya ndizi, na waliokataa alama ya chungwa. Alama hizo zilikusudiwa kumsaidia mpiga kura asiyejua kusoma. Lakini mara zikashika mahali pa hoja. Mtu aliulizwa yu wa tunda gani kabla ya kuulizwa ni kifungu gani kisichomridhisha. Katika kila wapiga kura 10, karibu 6 walikataa. Kura ilikwisha, lakini mafarakano hayakwisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Hatusemi kwamba ndizi na chungwa ndizo zilizoua, kwa kuwa ugomvi ule ulikuwa na mizizi mingi. Twasema tu kwamba watu waliozoea kuulizana upande, wasiulizane sababu, hukosa neno la kuwapatanisha siku ya shida.

Katiba iliyokubaliwa kwa kura ya tarehe 4 Agosti 2010 ililiona jambo hili. Kifungu cha 10 kinahesabu ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Haiwezi kumtia mtu masikio. Kumpa mwenzako nafasi ya kusema, kisha ukapita kana kwamba hakusema, si kumsikiliza. Kusikiliza ni kujibu.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu. La kwanza, kila shauri liandikwe na kufikishwa kwa wanachama siku 14 kabla ya mkutano. La pili, anayepinga hoja aieleze kwanza, hata mwenye hoja akiri kwamba ameeleweka. La tatu, kura isipigwe maadamu liko swali ambalo halijajibiwa, na jibu liandikwe pamoja na swali.

Wenye haraka watasema kwamba mikutano itakuwa mirefu. Ni kweli. Lakini siku sita zile zilikuwa ndefu zaidi.

Wahenga walisema, mwenye kelele hana neno. Siku ile wenye kelele tulikuwa sisi, na mwenye neno alikuwa mama yule. Na sisi tulioshika kalamu tulikosa mara mbili, kwani katika kumbukumbu tuliandika, “Shauri lilikubaliwa,” na swali lake hatukuliandika. Twaomba mkutano huu uturuhusu tuliandike leo, kisha tulijibu kabla ya kuondoka humu.