Tundu Kuzibwa si Mwanamke Kukauka: Upasuaji wa Kuvuja Mkojo kwa Mkazo

Kuvuja mkojo kwa mkazo ni hali ya mwanamke kutokwa na mkojo anapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kuinua mzigo, pasipo kibofu chenyewe kujikaza. Kinachoshindwa ni mrija wa mkojo na nyama zinazouegemeza: tumbo linapokaza, mrija hauna kitu cha kuuzuia. Hali hii si ile ya haja inayomkurupusha mtu asifike chooni, wala si fistula, yaani tundu linalomwaga mkojo usiku na mchana bila kungoja kikohozi. Uzazi, umri, unene na kikohozi sugu ni sababu zinazojulikana. Mazoezi ya misuli ya nyonga, aliyoyaeleza Arnold Kegel mwaka 1948, bado ndiyo hatua ya kwanza kabla ya kisu.

Historia ya kisu chenyewe inajulikana vya kutosha: nyuzi za Howard Kelly chini ya shingo ya kibofu mwaka 1913, kuning'iniza uke kwa njia ya John Burch mwaka 1961, na utepe wa plastiki ambao Ulf Ulmsten wa Sweden aliutangaza mwaka 1996.

Afrika Mashariki suala la kuvuja kwa mkazo huingia kwa njia nyingine, ile ya fistula ya uzazi, na njiani hapo imekaa dhana inayostahili kuondolewa: kwamba tundu likizibwa, mwanamke amepona. Mwishoni mwa operesheni kibofu hujazwa maji yenye rangi ya bluu. Pamba iliyowekwa ukeni ikitoka nyeupe, mgonjwa huhesabiwa miongoni mwa waliopona. Kipimo hicho hujibu swali moja tu, kama ukuta umezibika. Hakisemi lolote kuhusu mlango, yaani mrija wa mkojo.

Chanzo cha fistula chatosha kuibomoa dhana hiyo. Katika uchungu uliokwama kwa siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto hubana kibofu na mrija kwenye mfupa wa kinena mpaka damu ikose njia na nyama zife. Nyama hazifi kwa duara nadhifu. Misuli ya kufunga mkojo, neva na sehemu ya mrija huweza kwenda pamoja na ukuta wa kibofu. Mrija wa mwanamke una urefu wa takribani sentimita 4. Katika mpangilio wa fistula wa daktari Judith Goh, fistula za daraja la nne ni zile ambazo ukingo wake uko chini ya sentimita 1.5 kutoka tundu la nje la mkojo. Kwa mgonjwa wa daraja hilo, kushona tundu ni kurudisha ukuta wa nyumba ambayo mlango wake umeng'oka.

Mwandishi wa mhadhara huu anayo sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka iliyopita, katika hospitali ambayo haitatajwa, alimwandika mama mmoja wa Msalato "amepona" na kumpa ruhusa. Baada ya miezi alimkuta kwenye mnada wa Msalato, amesimama kando ya wenzake walioketi juu ya magunia, kajifunga kanga mbili, ile ya ndani imekolea unyevu hadi magotini. Alipoulizwa hali alijibu kwa upole: "Mwanangu, nikilala ni mkavu. Nikijitwisha ndoo, ni kama zamani." Jibu hilo lilikuwa uchunguzi kamili: tundu limeziba, mrija haushiki. Kosa halikuwa la mama huyo.

Andiko lililolitaja tatizo hili kwa uwazi kuliko yote ni la Lewis Wall na Steven Arrowsmith, lililochapishwa mwaka 2007. Waliuita umbali uliopo kati ya fistula iliyozibwa na mwanamke aliye mkavu kuwa ni pengo. Neno hilo moja lilifanya kazi kubwa, maana lilihamisha hesabu kutoka kwenye kibofu hadi kwa mwenye kibofu. Daktari aliyesoma andiko hilo hawezi tena kutaja idadi ya matundu aliyoyaziba na kunyamaza hapo. Ukurasa baada ya ukurasa linamrudisha kwenye swali ambalo mgonjwa mwenyewe angeuliza: je, nimekauka?

Miaka 3 kabla yake, Andrew Browning, aliyefanya kazi Ethiopia na baadaye Arusha, alikuwa ameonyesha namna ya kulipunguza pengo hilo katika operesheni ileile ya kwanza: kuchukua vipande vya misuli na nyama ngumu kutoka kuta mbili za nyonga na kuvishona pamoja chini ya mrija. Kiswahili kina jina tayari la kazi hiyo, nalo ni mbeleko. Mama aliyembeba mwanawe anaielewa kabla ya kuchorewa picha.

Mvujo unaobaki hausubiri mbeleko pekee. Kibofu kilichosinyaa, kibofu kinachojikaza ovyo, na kile kisichotoa mkojo wote hudai tiba nyingine, na mbeleko huweza kuwazidishia wagonjwa hao taabu. Kwa hiyo kwanza hupimwa mkojo unaobaki baada ya kukojoa, kisha mgonjwa hukohoa kibofu kikiwa kimejaa. Operesheni ya pili husubiri walau miezi 6 ili kovu litulie.

Utepe wa plastiki una sifa zake: operesheni ni fupi, kidonda ni kidogo, na kwa mwanamke asiye na makovu matokeo yamekuwa mazuri. Lakini utepe uliweza pia kukata nyama na kuacha maumivu ya kudumu. Uingereza ilisitisha matumizi yake mwezi Julai 2018. Katika uke wenye kovu na damu haba baada ya fistula, hatari ya kutoboka ni kubwa zaidi. Njia mbadala ni mbeleko ya utando wa misuli ya tumbo, ambayo hukatwa kwa mgonjwa mwenyewe, hupitishwa nyuma ya mfupa wa kinena na kufungwa kwa ulegevu. Ikikazwa mno, mkojo haupiti. Jaribio la Marekani la wanawake 655, lililochapishwa mwaka 2007, liliipa mbeleko ushindi wa asilimia 66 dhidi ya 49 za njia ya Burch katika kuzuia mvujo wa mkazo, ingawa waliopewa mbeleko walisumbuliwa zaidi na maambukizi ya mkojo na ugumu wa kukojoa. Wanawake hao hawakuwa wagonjwa wa fistula, na tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, msimamo wa mhadhara huu ni kwamba mwanamke wa fistula ashonewe kwa nyama yake mwenyewe.

Kipimo cha mwisho kifanyike miezi 6 baada ya operesheni, kidonda kikiwa kimekomaa: mwanamke ajitwishe ndoo ya lita 20, atembee, akohoe, kisha kanga yake iangaliwe. Neno "amepona" lisiandikwe kabla ya hapo.