Darasa la Alhamisi

(Hotuba iliyosomwa katika kipindi cha ibada ya asubuhi redioni)

Asubuhi ya leo twataka kuwasimulia habari za darasa moja dogo katika parishi yetu. Ni darasa la watu wazima, nalo ni la kuchora. Tafadhali msicheke. Sisi wenyewe tulicheka kwanza, tukanyamazishwa baadaye.

Jambo lilianza hivi. Tuna ukumbi wa kanisa ambao siku ya Alhamisi alasiri ulikuwa hauna kazi, isipokuwa mbuzi wa jirani kujipumzisha barazani. Binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye miaka iliyopita tulimfundisha katekisimu kabla ya kipaimara chake, alikuja ofisini akaomba ukumbi huo ili awafundishe watu wazima kuchora kwa penseli na kupaka rangi. Tukamwuliza, "Watu wazima gani hao?" Akainamisha macho kwa adabu akasema, "Kama wewe, Mchungaji."

Tulilipeleka ombi lake kwenye kamati. Mzee mmoja alisema kuchora ni mchezo wa watoto. Mwingine alisema ni anasa ya watu wa mjini wenye pesa. Wa tatu akaikumbusha kamati amri ya pili katika zile kumi. Huyu wa tatu alistahili kujibiwa, nasi tulimjibu kwa Kitabu chenyewe: katika Kutoka, Mungu yuleyule aliyekataza watu kuziinamia sanamu ndiye aliyeagiza makerubi yatengenezwe, na makomamanga ya nyuzi za rangi katika pindo la joho la kuhani. Tena alimtaja fundi wa kazi hiyo kwa jina, Bezaleli, akamjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono. Na ukisoma mpaka sura ya 35 utaona kwamba Bezaleli na mwenzake Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Walimfundisha nani? Watu wazima waliotoka juzijuzi tu kufyatua matofali Misri. Kamati ikakubali, kwa sharti kwamba ukumbi ufagiliwe.

Tulijiandikisha watu tisa: muuguzi mstaafu, akina mama wawili wauza mboga sokoni, kijana fundi wa pikipiki, mkulima wa kahawa, mwenye duka, seremala, dereva wa lori aliyestaafu, na wa tisa ni huyu ambaye sauti yake mwaisikia.

Tuwaambie ukweli, siku ya kwanza tuliogopa. Mtu mzima amekwisha sahau kuwa mwanafunzi. Sisi tuliozoea kusimama mimbarani tuliketi kwenye benchi, magoti yakigusa meza, tukimsubiri mtoto wetu atuambie la kufanya. Muuguzi, aliyedunga watu sindano miaka thelathini bila wasiwasi, alitetemeka kwa kushika penseli. Wengi wetu tulisoma wakati ambapo karatasi ilikuwa ya hesabu na imla, na aliyekutwa akichora ng'ombe nyuma ya daftari alichapwa. Basi kila mmoja alifunika karatasi yake kwa mkono, jirani asichungulie.

Mwalimu alianza kwa kutunyang'anya raba. Alisema tutafuta mpaka karatasi itoboke, na hatutakuwa tumechora kitu. Kisha aliweka kikombe cha bati mezani akatuambia, "Chora hiki." Tukachora, na sote tukakosea kosa moja. Mdomo wa kikombe tuliufanya duara kamili, kwa kuwa twajua ni duara. Na kitako tukakipiga mstari ulionyooka, kwa kuwa twajua kimekaa sawasawa juu ya meza. Lakini kwa mtu aliyeketi pale tulipoketi, mdomo huonekana kama yai lililolazwa, na kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo. Mwalimu alisema, "Wazazi wangu, mmechora kikombe mnachokijua. Hiki kilichoko mezani bado hamjakitazama."

Neno hilo lilituingia. Juma lililofuata alileta kiti, akatukataza kuchora miguu yake. Tuchore zile nafasi tupu zilizo kati ya miguu, umbo la hewa tu, na kiti kitatokea chenyewe. Seremala alikasirika kidogo. Yeye ametengeneza viti asivyoweza kuvihesabu, afundishwe kiti? Alichora huku amenuna. Baada ya robo saa akanong'ona, "Hili tundu sijapata kuliona maisha yangu." Na kiti chake kilikuwa kimesimama pale kwenye karatasi, kizuri kuliko vyetu vyote. Chetu kilikuwa kama ngamia aliyechoka.

Tukajifunza pia kupima kwa penseli: waunyosha mkono wote, wafumba jicho moja, wahesabu kitu kimoja chaingia mara ngapi katika kingine. Penseli zenyewe tulijifunza majina yake, 2B kwa mistari ya kawaida, 6B iliyo laini kwa vivuli vizito. Wembe ndio uliochonga. Mama mmoja alileta makaa membamba ya jikoni kwake, na mwalimu akafurahi kuliko kama angeletewa penseli za dukani.

Siku moja mvua ilitufungia ukumbini, mwalimu akatusimulia habari za Ashington, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1934 kikundi cha wanaume wa mji huo, wengi wao wachimba makaa, walitaka kujua maana ya picha za wachoraji wakuu. Chama cha elimu ya wafanyakazi kikawapelekea mwalimu kutoka chuo cha Newcastle, Robert Lyon. Lyon aliwaonyesha picha maarufu ukutani kwa mashine ya taa, akawaeleza, lakini akaona maelezo yake hayawafikii. Basi akaacha hotuba, akawaambia wachore wenyewe. Walichora mashimo ya makaa, njiwa zao, mbwa zao, bustani zao, jikoni mwao. Mwaka 1936 picha zao zilionyeshwa Newcastle, na kikundi chao kiliendelea mpaka mwaka 1984. Wachimba makaa hao hawakuacha kazi zao. Asubuhi walishuka shimoni kama kawaida. Picha zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Woodhorn, palepale penye mgodi wa zamani.

Muuguzi akauliza kama kuna mwanamke yeyote mzee katika habari hizi, au ni wanaume tu. Ndipo tukasikia habari za Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima huko Marekani, ambaye baridi yabisi ilimzuia kudarizi, akashika brashi alipokuwa na miaka zaidi ya sabini na tano. Alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101, naye amejulikana nchi nyingi. Muuguzi alihesabu kwa vidole akasema, "Basi mimi nimewahi."

Lakini hatukuwaita redioni kwa ajili ya kikombe na kiti.

Katika ile orodha ya watu tisa mlisikia seremala na dereva. Wazee hawa wawili ni majirani, na kwa miaka minne walikuwa hawasalimiani. Chanzo chake ni mti wa mpakani uliokatwa, na hatua chache za shamba. Sisi tulikuwa tumewaweka pamoja ofisini mara nyingi, tumewasomea Maandiko, tumewaombea, tumewakemea. Walisikiliza vizuri, wakaondoka kwa njia mbili. Walipojiandikisha wote wawili darasani, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake, tulidhani mmoja ataacha. Hakuna aliyeacha. Kila mmoja alikaa pembe yake ya ukumbi.

Juma la sita tulianza nyuso. Mwalimu alitufundisha jambo ambalo tulilibishia sana, kwamba macho ya mtu yako katikati ya kichwa. Sote tulikuwa tumeyachora juu, karibu na nywele, kwa kuwa hatuhesabu paji la uso na utosi kuwa ni kitu. Muuguzi alimpima kijana fundi kwa penseli, kutoka kidevuni hadi jichoni, na kutoka jichoni hadi utosini. Zikawa sawa. Kisha mwalimu akatugawa wawili wawili tuchorane. Yeye si mwenyeji wa kijiji chetu, hakujua lolote la mti wala la mpaka. Akamkalisha seremala mbele ya dereva.

Ukumbi ulinyamaza. Sisi tulitaka kusimama tuseme neno la kichungaji, tukashindwa kulipata. Seremala alivuta kiti chake. Akanyosha mkono na penseli, akafumba jicho moja, akaanza kupima uso wa mtu ambaye kwa miaka minne alikuwa akiupita kama apitavyo nguzo ya simu.

Walichorana kama dakika arobaini. Hakuna aliyecheka darasani siku ile. Kisha tulimsikia seremala akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenzangu, jicho hili la kushoto. Waona nalo?"

Dereva hakujibu upesi. Mwishowe alisema, "Naona mwanga tu. Na la kulia limeanza."

Seremala alikuwa amechora mboni ya jicho la kulia nyeusi, na ya kushoto akaiacha karatasi nyeupe ionekane, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoiona. Muuguzi aliinuka, akaitazama picha, akamtazama mwenye uso, akasema ni mtoto wa jicho, tena ameiva. Dereva alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, na yeye alikuwa akiamini ni uzee, kwamba ameandikiwa kuwa kipofu kama baba yake.

Wapendwa, hapa hatuna budi kuungama mbele yenu. Mzee huyo alikuja ofisini kwetu mara tisa au kumi kwa ajili ya lile shauri. Alikaa hatua mbili kutoka kwetu, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni. Tulikuwa tumekwisha kumjua: ni mzee mgumu, mwenye kesi ya mpaka. Jicho jeupe lile lilikuwa pale wakati wote. Hatukuliona. Tulichora kikombe tunachokijua.

Na tusifikiri ni wachungaji tu. Ni nani kati yetu awezaye kufumba macho sasa hivi na kusema sikio la mkewe limekaaje, au mkono wa mama yake umepinda upande gani kwa kazi? Twakaa nyumba moja miaka ishirini.

Tuwamalizie habari za mzee. Muuguzi alimpeleka kwenye zahanati, naye akaelekezwa hospitali yenye daktari wa macho. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi: lenzi ya jicho iliyofifia hutolewa, na badala yake huwekwa nyingine ya bandia. Aliyemshika mkono kwenye matatu siku ya kurudi, jicho likiwa limefungwa bendeji, alikuwa seremala. Msidhani kwamba mpaka umekwisha. Shauri bado liko kwa chifu, na juma lililopita walibishana tena kwa sauti mpaka tukawasikia tukiwa ndani ya kanisa. Tofauti ni kwamba sasa wabishana wakitazamana.

Mwezi uliopita darasa letu lilikodi matatu, tukaenda Murang'a kuziona zile picha za ukutani katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, alizochora Elimo Njau mwaka 1959: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Watu waliomo wana sura za watu wetu, na nchi ni ya vilima vile vile vilivyo nje ya mlango. Dereva alisimama mbele ya Gethsemane muda mrefu, akiufunika uso upande mmoja kwa kofia yake, kisha upande wa pili, akilinganisha jicho jipya na lile la zamani. Tulimwacha.

Jicho la pili litapasuliwa baada ya mavuno. Alhamisi iliyopita alimwomba seremala ile picha ya kwanza, akaitazama sana, akauliza, "Hivi ndivyo nilivyo mzee?" Seremala akamjibu, "Siku hiyo nilikupunguzia." Kisha dereva akatoa karatasi mpya. Ile aliyomchora mwenzake siku ya nyuso hajapata kumwonyesha mtu, asema alikuwa akichora ukungu. Akanyosha mkono, akafumba jicho lile bovu, akaanza upya kutoka kidevuni.

Juma lijalo twaanza rangi. Mwalimu ameagiza kila mtu aje na kitambaa kikuukuu na kopo la maji. Kati ya rangi zote dukani, asema, hakuna kopo moja lenye rangi ya ngozi yetu. Itatubidi tuichanganye wenyewe, kila mmoja ya kwake. Bwana awe nanyi. Kwaherini.