Mtoto, Mzazi na Mshipi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya kando ya Ziwa Victoria)



Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho hakihitaji mkopo wala mfadhili, nacho ni kuvua samaki pamoja na watoto wetu.

Mtasema, "Sisi ni wavuvi, hilo tunalijua." Lakini tuangalie vizuri. Baba anayevua omena huingia ziwani jioni na taa zake, arudi alfajiri. Wakati analala, mtoto yuko shule. Mtoto akirudi, baba anafunga safari tena. Wanaishi nyumba moja, lakini maneno yao ni machache: karo, kalamu, viatu. Je, hayo ndiyo malezi?

Kumbukeni Zebedayo. Injili ya Mathayo yasema Yesu aliwakuta Yakobo na Yohana mashuani wakitengeneza nyavu pamoja na baba yao. Hawakuwa wamekodishwa kwa mtu mwingine. Kazi ile ilikuwa pia shule yao.

Mtoto anayekaa na mzazi ukingoni, na mshipi na ndoana, hujifunza mengi. Hujifunza kungoja. Hujifunza kufunga fundo lisilofunguka, kusoma upepo na mawingu, na kumrudisha majini samaki mdogo ili akue azae. Pia hapo ndipo mtoto hufungua moyo, kwa sababu hakuna anayemkazia macho. Wote wawili wanatazama maji.

Kuna na historia ya kusimulia. Wazee wanakumbuka fulu na ngege wa zamani, kabla mbuta, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950, hajaongezeka sana katika miaka ya 1980. Wakumbuka pia gugu maji lilivyoziba bandari miaka ya 1990. Tusipowaambia watoto, nani atawaambia?

Akina mama, nanyi msibaki nyuma. Kuanika omena na binti yako, kuchambua, kufukuza ndege, kupima kwa gorogoro na kuandika mauzo daftarini ni hesabu tosha. Na wavulana waanike pia!

Sasa niseme neno gumu. Kumfundisha mtoto kuvua ni jambo moja, kumfanya kibarua ni jambo lingine. Mtoto anayevuta nyavu usiku hulala darasani asubuhi. Akishazoea kushika pesa za ufuoni, mwalimu hamuwezi tena, na hata wewe mzazi hutamuweza. Wasichana nao hukutana huko na watu wasiowatakia mema. Ndugu zangu, samaki wa leo asitugharimu mtoto wa kesho.

Kwa hivyo naomba kila kikundi kijadili mambo haya manne:

1. Kila mzazi atenge saa mbili Jumamosi au siku ya likizo, avue na mtoto wake kando ya ziwa au bwawa. Mtoto asiye na mzazi achukuliwe na jirani anayeaminika.

2. Mtoto asiingie ziwani usiku, wala siku ya shule. Akipanda mashua mchana, avae jaketi ya kuokolea na awe na mzazi wake.

3. Tusivue kwa vyandarua au nyavu za macho madogo mno. Mtoto hufuata anachoona. Kamati za ufuo, yaani BMU, zilizopewa kanuni zake mwaka 2007, ziulizwe vipimo halali.

4. Samaki aliyevuliwa na mtoto aliwe nyumbani, asiuzwe. Mtoto aone familia ikishiba kwa mkono wake.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tuanze Jumamosi hii. Minyoo ya chambo iko shambani, na mshipi ni wa bei ndogo. Kinachotakiwa ni wewe mzazi kukaa hapo.