Mikasa Hailingani

Leo tuzungumze juu ya kiwewe, ile hofu inayobaki moyoni hatari ikishapita.

Wengi wetu huwapima watoto kwa kipimo kimoja. "Mwenzako aligongwa na matatu na sasa anacheza, wewe walia nini?" Kumbe mikasa hailingani. Shirika la Afya Duniani lasema kati ya watu 100 waliopatwa na mkasa wa kutisha, karibu 6 tu ndio hupata ugonjwa wa kiwewe. Kwa waliopitia vita, hufika 15. Waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi wa 2007 wanaelewa. Ajali na mafuriko huumiza, lakini unyama wa binadamu huumiza zaidi, hasa kunajisiwa. Na mara nyingi aliyemnajisi mtoto ni mtu anayemjua, hata wa nyumbani. Amkimbilie nani?

Basi mtoto akikueleza jambo hilo, mwamini. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Ndoto mbaya siku za mwanzo ni kawaida. Lakini mwezi ukipita naye bado anashtuka usingizini, ameanza tena kukojoa kitandani, au anaigiza mkasa ule ule kila anapocheza, usingoje. Mrudishe hospitali, uliza mshauri. Ukikosa nauli, piga 1195, au 116 ya watoto. Simu hizo hazilipishwi.