Munyororo wa Marley

Neno la majuma ya mbele ya Noeli, lililosomwa katika radio yetu
Masomo: Luka 16:19-31, Luka 19:1-10, Yakobo 5:1-6

  

Leo tunaanza na kitabu ambacho si Biblia. Tunajua wengine watauliza: "Watumishi, mumekosa Neno?" Hapana, hatukukosa. Lakini Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi: mupanzi, mwana mupotevu, msimamizi aliyecheza na hati za madeni. Hadithi inaweza kupita mulango ambao mahubiri yamefungiwa.

Tarehe 19 Desemba 1843, kule London, mwandishi Charles Dickens alitoa hadithi ya Noeli. Mutu huyo alijua deni ni nini. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alitiwa gerezani kwa ajili ya madeni, na mutoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu. Katika hadithi yake kuna tajiri mumoja, Scrooge, mutu mugumu, ambaye kalani wake anatetemeka kwa baridi kwa sababu bwana anahesabu hata makaa. Watoto wenu wanaosoma vitabu vya picha vya Kifransa wanamujua bata tajiri anayeitwa Picsou. Kwa Kiingereza bata huyo anabeba jina hilohilo la Scrooge.

Usiku wa kuamkia Noeli, Scrooge anatokewa na Jacob Marley, mushirika wake katika biashara, aliyekufa tangu miaka saba. Marley amefungwa munyororo murefu, na katika munyororo kunaning'inia masanduku ya franga, funguo, makufuli, mikoba ya feza na vitabu vya hesabu. Anaonya, anaeleza majuto yake, anatoka. Hadithi inaendelea bila yeye. Mwisho Scrooge anageuka, analipa, anacheka, anakula pamoja na jamaa yake. Marley anabaki na munyororo wake, na wasomaji wanamusahau.

Mwandishi mumoja wa Marekani, Jon Clinch, hakumusahau. Mwaka 2019 alitoa riwaya nzima yenye jina la mutu huyo: Marley. Anarudi nyuma, anaanza tangu siku za ujana wao, na kuuliza swali ambalo Dickens alilipita haraka: munyororo ule ulitengenezwa namna gani? Katika riwaya hiyo Marley ni mwenye ujanja, Scrooge ni mutu wa hesabu. Sehemu ya mali yao inatoka katika biashara ya watumwa, nayo inafichwa nyuma ya majina ya kampuni za uongo. Mumoja anaiba, mwenzake anaandika, nao wanazeeka pamoja.

Wapenzi, mbele ya kwenda mbali, tuweke neno moja sawa. Wafu hawarudi kuhubiri. Katika muji wetu kuna watu wanaosema marehemu amewatokea usiku, anadai kitu fulani, anamutaja mutu fulani kuwa ndiye aliyemumaliza. Jamaa zimevunjika kilioni kwa maneno ya namna hiyo. Wazee wamefukuzwa, watoto wameitwa walozi. Sikilizeni Luka 16. Yule tajiri aliye katika mateso aliomba jambo lilelile Dickens alilolitunga: mutu atoke kwa wafu, aende kuwaonya ndugu zake watano. Abrahamu alikataa. Alisema kwamba wanao Musa na manabii, na asiyewasikiliza hao hatageuka hata mutu akifufuka. Basi kivuli cha Marley ni mambo ya kitabu. Lakini munyororo wake si wa kitabu, na juu ya munyororo huo tuna mambo matatu ya kuwaambia.

1. Munyororo hufuliwa pete moja moja

Hakuna mutu anayeamuka asubuhi na kusema: "Leo nitakuwa mutumwa wa mali." Inaanza na mizani. Kijana ametoka mugodini, mugongo umechoka, vumbi mpaka ndani ya masikio, na gunia lake la mawe ya shaba. Munuzi anapima, na mizani inasema kilo pungufu. Kijana anajua, munuzi anajua, lakini mutoto wa kijana anangojea unga. Hiyo ni pete moja. Halafu kuna binti anayesaidia kazi ya nyumba, ambaye mushahara wake "utakuja mwezi kesho" tangu miezi mitatu. Pete ya pili. Kisha kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili. Kisha nyumba ya marehemu ambayo ndugu waliifunga kwa kufuli jipya, na mujane na watoto wakalala kwa jirani.

Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukia mizani ya uongo. Haisemi kwamba anaichukia mupaka siku ya Jumapili, wakati fungu la kumi linapotolewa. Tuseme wazi, hata kama neno hili ni chungu: fungu la kumi la feza ya wizi halitakasi yale mafungu tisa yanayobaki. Ni tisa za wizi, na ya kumi nayo imeletwa mbele ya Mungu. Na kanisa linalopokea bahasha nene bila kuuliza kitu, huku mufanyakazi wa mwenye bahasha ameketi benchi la nyuma na njaa, kanisa hilo nalo lisome Yakobo 5. Pale imeandikwa kwamba mushahara uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika katika masikio ya Bwana.

Muji huu unaijua kelele hiyo. Tarehe 9 Desemba 1941, Noeli ikiwa karibu, wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, waligoma kwa ajili ya mushahara wao. Walipigwa risasi. Makalani waliandika hesabu za shaba mwaka ule kama kila mwaka. Mungu naye aliandika hesabu yake.

2. Marley aliketi karibu na Scrooge, na hakusema neno

Majuto makubwa ya Marley ni nini? Si kwamba amepoteza mali. Ni kwamba alipokuwa hai hakuwajali watu. Na miaka yote waliketi katika ofisi moja, taa moja, mulango mumoja, na hakumwonya mwenzake. Alipopata neno la kusema, hakuwa tena na mwili wa kurekebisha kitu. Riwaya ya mwaka 2019 inaonyesha tena kwamba mutu hafanyi mabaya peke yake. Mwenye ujanja anamuhitaji mwenye kuandika vizuri. Mwenye kuandika anasema: "Mimi naandika tu."

Ndugu, wewe ni Marley wa nani? Nani anakutazama na kujifunza kwako namna ya kudanganya kwa upole? Pengine ni mudogo wako uliyemupa kazi dukani. Pengine ni mwenzako wa biashara, munayeomba pamoja Ijumaa usiku na kugawana faida Jumamosi asubuhi. Pengine ni mutoto wako wa kwanza, anayekusikia katika telefone ukisema "niko njiani, nakuletea feza yako," nawe umeketi kwenye kiti chako nyumbani.

Ezekieli 33 inasema juu ya mulinzi aliyeona upanga unakuja na hakupiga baragumu. Damu inadaiwa mukononi mwake. Sisi Wapentekote tunapiga baragumu sana juu ya ulozi, juu ya pombe, juu ya mavazi. Ni vema. Lakini juu ya hesabu za ndugu yetu tunanyamaza, kwa sababu ndiye aliyenunua vyombo vya muziki. Kuonya mutu wakati angali hai, kwa upendo, pembeni, bila kumuaibisha, ndiyo zawadi ya Noeli ambayo Marley alichelewa kuitoa.

3. Mbele za Mungu mutu mudogo ana jina

Tazameni tena Luka 16. Katika mifano yote ya Bwana, watu hawana majina: mupanzi, muchungaji, mwanamuke mwenye sarafu. Hapa peke yake masikini anapewa jina, Lazaro. Tajiri, aliyejulikana na muji wote, hana jina. Yesu alisimulia hadithi kutoka upande wa mutu wa mulangoni, karne nyingi mbele ya waandishi wa riwaya.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya kushukuru kwa ajili ya jambo hilo. Katika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara ya watumwa, mutu ni namba. Nasi wazee wetu walikuwa namba hizo. Kule Bunkeya, wakati wa Mwami Msiri, pembe za ndovu, shaba na watu viliuzwa upande wa Benguela na upande wa pwani ya mashariki. Frederick Stanley Arnot alipofika kule mwaka 1886 na Habari Njema, aliikuta biashara hiyo. Tarehe 20 Desemba 1891, siku tano mbele ya Noeli, Msiri aliuawa na watu waliotumwa kwa ajili ya mufalme Leopold, nao walileta minyororo yao wenyewe.

Nani aliandika upande wa wale waliotembea mupaka Angola, kongwa shingoni? Mungu aliandika. Kati ya Waluba waliouzwa kule, wengine walimupata Kristo katika inchi ya utumwa. Walipopata uhuru walirudi kwao na Habari Njema mudomoni. William Burton na James Salter walipofika Mwanza mwaka 1915, na kuanza kazi iliyozaa Kanisa la Kipentekote katika Katanga, watu hao waliorudi walikuwa kati ya watenda kazi wao wa kwanza. Burton aliandika kitabu kizima juu ya Shalumbo, mutu wa Songye, aliyekuwa mukamata watumwa, kisha Mungu akamugeuza kuwa muhubiri.

Mumeona tofauti? Marley alikufa na munyororo wake. Shalumbo alifunguliwa akiwa hai. Marley anaogopesha mutu mumoja usiku mumoja. Shalumbo alihubiri muchana, kwa sauti ya mutu mwenye pumzi. Habari Njema tunayoiimba leo ilitufikia kwa midomo ya watu waliouzwa, na hata kwa mudomo wa mutu aliyekamata watu.

Basi tufanye nini?

Zakayo anatujibu. Yesu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakusema "nitaomba juu ya jambo hilo". Alisimama, akataja kipimo: nusu ya mali kwa masikini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Bwana akasema wokovu umefika katika nyumba ile siku ileile. Kurudisha hakununui wokovu. Damu ya Yesu peke yake inaokoa. Lakini munyororo ukikatika, watu wa nyumba wanausikia ukianguka chini.

Kwa hiyo, mbele ya kununua kitenge cha sikukuu, muchele na kuku, fungueni kitabu cha hesabu. Kama muna deni la mulinzi au la binti wa nyumbani, lipeni lile kwanza, hata kama meza ya Noeli itakuwa na sombe na bukari tu. Sombe iliyolipiwa ni tamu. Kama mizani yenu imepotoshwa, itengenezeni kesho asubuhi, mbele ya muteja wa kwanza kufika. Kama mumefunga nyumba ya mujane, mupelekeeni ufunguo, na muende wawili, ili ndugu mumoja ashuhudie. Na kama munamujua mwenzenu anayefua pete, mutafuteni juma hili, wakati ninyi na yeye mungali na pumzi.

Tuombe. Bwana Yesu, ulizaliwa katika hori na watu wadogo ndio waliokuja kwanza kukusalimu. Uangalie vitabu vyetu vya hesabu kama unavyoangalia mioyo yetu. Wape wenye deni nguvu za kulipa. Wape waliodhulumiwa haki yao, na uwalinde wasitiwe uchungu. Na utupe kinywa cha kuonyana sasa, kabla siku haijaisha. Kwa jina lako. Amina.